Kile Seli Inachokula, Kile Inachokumbuka

Nimeambiwa nisipitilize saa moja, na nimeambiwa pia kwamba nusu ya ukumbi huu wa Moshi haijafungua kitabu cha biolojia tangu kidato cha nne. Wenye shahada wanivumilie ninapoeleza mambo ya msingi. Wasio nazo wanivumilie kwa majina machache magumu. Nitayataja pale tu ambapo hayaepukiki.

Kwa miaka mingi tulifundishwa hivi. Kinga ya mwili ina matawi mawili. La kwanza ni kinga ya asili, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Hiyo ndiyo yenye seli nyeupe zinazomeza vimelea, na ndiyo inayoleta homa, uvimbe na usaha. Huanza kazi ndani ya dakika na saa, wala haichagui kilichoingia ni nini. La pili ni kinga ya kujifunza, ya seli ziitwazo limfosaiti. Hii huchelewa siku kadhaa, hata wiki, lakini ikishakutana na kimelea fulani hutengeneza kingamwili zinazomlenga yeye tu, na humkumbuka kwa miaka. Ndiyo sababu aliyeugua surua utotoni haugui surua uzeeni. Swali la mtihani lilikuwa jepesi: taja tofauti kuu ya matawi haya. Jibu: la pili lina kumbukumbu, la kwanza halina. Maksi mbili.

Leo jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na dalili zilikuwepo zamani. Mmea hauna limfosaiti hata moja. Hata hivyo tangu mwaka 1961 inajulikana kwamba jani moja la tumbaku likishambuliwa na virusi, majani mengine ya mche uleule huwa magumu kushambuliwa baadaye. Mbu naye hana limfosaiti. Mwaka 2010 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba Anopheles gambiae, huyuhuyu anayetuletea malaria, akishapata vimelea vya malaria mara moja, safari ya pili hupambana navyo vizuri zaidi, kwa sababu seli za damu yake zimebadilika. Ikiwa mbu anakumbuka, ilikuwaje tukaamini kwamba seli ya kwanza kabisa ya ulinzi katika mwili wa binadamu huanza upya kila siku kama haijawahi kuona kitu?

Ushahidi wa binadamu ulikuja kupitia chanjo ambayo karibu kila mmoja humu ana kovu lake, BCG. Albert Calmette na Camille Guérin waliitengeneza katika Taasisi ya Pasteur mjini Lille, Ufaransa. Kuanzia 1908 walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakawa wanawaotesha juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi waliwahamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, wakipita katikati ya vita kuu ya kwanza, mpaka wakapata bakteria aliye hai lakini asiyeweza tena kuleta ugonjwa kwa mwenye kinga nzima. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921 mjini Paris, kwa kumeza.

Miaka kumi na moja baadaye, Carl Näslund, daktari wa jimbo la Norrbotten kaskazini mwa Uswidi, alihesabu vifo vya watoto akaona jambo lisiloeleweka. Watoto waliopewa BCG walikuwa wakifa wachache kuliko wasiopewa, na pengo lilikuwa pana mno kuelezwa na kifua kikuu peke yake. Kichanga hafi kwa kifua kikuu katika wiki zake za mwanzo; hufa kwa nimonia, kwa sumu ya damu, kwa kuhara. Näslund akaandika kwamba pengine chanjo inaamsha kinga isiyo mahususi. Hakuna aliyejua la kufanya na sentensi hiyo, kwa sababu vitabu havikuwa na mahali pa kuiweka.

Iliyokuja kuifufua ni Afrika Magharibi. Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark, alianza kazi Guinea-Bissau mwaka 1978, na kituo alichokianzisha huko, Bandim, kimekuwa kikifuatilia kaya nyumba kwa nyumba tangu wakati huo. Nchini humo watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wakicheleweshewa BCG kama desturi. Watafiti wakapanga majaribio ya kugawa watoto kwa bahati nasibu: wengine wapewe siku zilezile za kuzaliwa, wengine wasubiri kama kawaida. Majaribio matatu yalipounganishwa, vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kwa waliopewa mapema. Katika siku 28 limfosaiti haziwezi kupata muda wa kujifunza kitu cha kumkinga mtoto dhidi ya nimonia kupitia chanjo ya kifua kikuu. Kulikuwa na kitu kingine kinachofanya kazi.

Sasa twende Nijmegen, Uholanzi. Huko Mihai Netea, daktari mzaliwa wa Romania, na wenzake walipendekeza mwaka 2011 tuwe na jina kwa jambo hili: kinga iliyofunzwa. Mwaka uliofuata walichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu ndilo lililogeuza mjadala. Waliwachanja BCG watu wazima wenye afya, wakawatoa damu kabla, wiki mbili baada, na miezi mitatu baada. Kutoka kwenye damu walitenga seli nyeupe ziitwazo monosaiti, ambazo ni za kinga ya asili, wakazichokoza ndani ya maabara kwa fangasi wa Candida na kwa bakteria wa majipu, Staphylococcus. Wote wawili hawana undugu wowote na kifua kikuu. Baada ya chanjo, monosaiti zilitoa mara mbili zaidi ya protini za kuita homa na uvimbe, na hali hiyo ilikuwepo hata baada ya miezi mitatu. Kisha wakafanya jambo la kumaliza ubishi. Walichukua panya wa maabara ambao kwa maumbile hawana limfosaiti za kinga ya kujifunza, wakawachanja, wakawaambukiza fangasi wa damu. Waliochanjwa walipona wote. Wasiochanjwa walipona asilimia 30.

Basi kumbukumbu ipo, na haikai kwenye limfosaiti. Inakaa wapi?

Kwenye kiini cha seli. Karibu kila seli yetu ina nyuzi za DNA ambazo zikinyooshwa na kuungwa zina urefu wa kama mita 2, zimepakiwa ndani ya kiini chenye upana wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Haziingii humo ovyo. Kila herufi 147 hivi zimezungushwa kwenye kifundo cha protini nane ziitwazo histoni, na histoni hizo zina mikia inayochomoza nje. Kwenye mikia hiyo seli hubandika alama ndogo za kikemia, vikundi vya methili au asetili. Alama hazigusi herufi hata moja ya DNA. Zinachoamua ni wapi nyuzi zilegee zisomwe, na wapi zibanwe zisisomeke. Mkitaka mfano, fikirieni kitabu kinene cha sala ambacho msomaji amekunja ncha za kurasa anazozihitaji. Maandishi ni yaleyale ya kiwandani, lakini siku ya dharura kitabu hufunguka chenyewe penye ncha zilizokunjwa. Elimu ya ncha hizo ndiyo epijenetiki.

Monosaiti za watu wa Nijmegen waliochanjwa zilikutwa na alama moja hasa imeongezeka: vikundi vitatu vya methili kwenye laisini iliyo nafasi ya nne ya mkia wa histoni H3, mlangoni mwa jeni zinazotengeneza protini za kuita homa. Alama hiyo humaanisha kurasa hizi ziko tayari. Jeni haisomwi muda wote. Mtu aliyechanjwa hashindi na homa miezi mitatu. Ila kichokozi kikija, hakuna kupapasa. Kikundi cha Musa Mhlanga wa Afrika Kusini kilionyesha mwaka 2019 jinsi zana za kubandika alama zinavyojua pa kwenda: kuna uzi wa RNA usiotengeneza protini yoyote, ambao kazi yake ni kuzipeleka zana hizo mlangoni mwa jeni husika. Waliuita UMLILO, na Wazulu waliomo humu wanacheka kwa sababu kwao ni moto.

Mpaka hapa hadithi ingeweza kuishia kwa wataalamu wa jeni. Kilichonivuta mimi, na ndicho nilichokuja kukisema jioni hii, ni swali la kizembe kidogo: alama hizo zinatengenezwa kwa malighafi gani? Methili na asetili hazishuki kutoka hewani. Zinatoka kwenye chakula cha seli. Ukifuata njia hiyo unagundua kwamba umetaboli, yaani ile kazi ya kila siku ya kuvunja sukari na mafuta, ndio unaoshika kalamu.

Turudi nyuma kidogo. Seli iliyotulia hupeleka glukosi mpaka kwenye mitokondria na kuichoma kwa oksijeni, nayo hupata nishati nyingi: kila molekuli moja ya glukosi huzaa molekuli 30 na kitu za ATP. Ipo njia nyingine ya mkato, ya kuivunja glukosi nusunusu na kuishia kwenye asidi ya laktiki, ambayo huzaa ATP 2 tu. Misuli huitumia ikikosa oksijeni. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, aligundua kwamba seli za saratani huitumia hata oksijeni ikiwepo tele. Watu walidhani ni ukorofi wa saratani. Mwaka 2014 kundi la Nijmegen na washirika wao, wakiandika katika Science, walionyesha kwamba monosaiti iliyofunzwa nayo hufanya hivyohivyo. Safari hii waliifunza kwa betaglukani, sukari ngumu iliyo kwenye ukuta wa fangasi. Ikiguswa nayo, seli huwasha mnyororo wa ishara unaopita kwenye protini ziitwazo mTOR na HIF-1α, na kwa siku kadhaa hula glukosi kwa pupa.

Pupa hiyo haikuwa dalili ya pembeni tu. Waliizuia njia hiyo kwa metformini, dawa ambayo najua baadhi yenu mnameza kila asubuhi kwa ajili ya kisukari, na mafunzo yakashindikana: seli haikupata alama, haikukumbuka. Panya wasio na HIF-1α kwenye seli zao za kinga hawakufunzika. (Kabla mtu hajaniuliza mlangoni: hapana, hii si sababu ya kuacha metformini. Kilichoonekana kwenye vyungu vya maabara na panya hakiandiki cheti cha dawa kwa mtu.)

Kwa nini seli ichague njia yenye faida ndogo? Kwa sababu haitafuti ATP tu. Inatafuta vipande. Glukosi inayoingia kwa wingi huzaa sitreti, na sitreti ikitoka nje ya mitokondria hukatwa ikawa asetili-KoA, ambayo ndiyo asetili inayobandikwa kwenye histoni. Sukari nyingi, asetili nyingi, nyuzi zinalegea.

Sehemu inayonipendeza zaidi ni ya fumareti. Mzunguko wa Krebs, ule tuliokariri kidato cha tano tukausahau siku ya mtihani ilipopita, una kituo kiitwacho fumareti. Mwaka 2016 ilionekana kwamba seli inayofunzwa huvunja pia asidi amino ya glutamini na kuimimina katikati ya mzunguko huo, mpaka fumareti ikarundikana. Sasa sikieni. Kwenye kiini kuna vimeng'enya viitwavyo KDM5 ambavyo kazi yao ni kuzibandua zile methili za histoni H3, yaani kuzinyoosha ncha zilizokunjwa. Ili vifanye kazi vinahitaji molekuli nyingine ya mzunguko huohuo, alfa-ketoglutareti. Fumareti inafanana nayo kiasi cha kukalia nafasi yake bila kufanya kazi yake. Kimeng'enya kinajaa, kinakwama, na alama zinabaki. Watafiti walipozipa monosaiti fumareti peke yake, bila fangasi, bila BCG, bila kimelea chochote, sehemu ya mafunzo ilitokea. Molekuli ambayo kwa miaka themanini tuliiona kama kituo cha kupita tu kwenye njia ya nishati, ikawa inaamua kumbukumbu idumu au ifutike.

Njia ya tatu inapitia kolesteroli. Seli inayofunzwa huwasha pia utengenezaji wa kolesteroli, lakini kolesteroli yenyewe haihitajiki. Kinachohitajika ni kituo cha kati kiitwacho mevaloneti, ambacho huichokoza seli iendelee kuwasha ule mnyororo wa mTOR. Statini, dawa za kupunguza kolesteroli, hukata njia kabla ya mevaloneti, na huzuia mafunzo. Thibitisho likatoka kwa wagonjwa wachache wenye ulemavu adimu wa kurithi unaofanya mevaloneti irundikane mwilini. Wagonjwa hawa hupata homa kali zinazorudi kila baada ya muda bila maambukizi yoyote. Monosaiti zao zilipochunguzwa zilikutwa zinafanana na zilizofunzwa, ingawa hakuna aliyezifunza. Kwa madaktari wa watoto hilo lilikuwa jibu la fumbo la muda mrefu. Kwangu ni ukumbusho kwamba mafunzo yakizidi ni ugonjwa.

Limebaki tatizo moja ambalo wanafunzi makini huliuliza bila kuchochewa. Monosaiti haiishi sana; nyingi huzunguka kwenye damu siku moja hadi tatu kisha hutoka au hufa. Mtu anapotolewa damu miezi mitatu baada ya chanjo, hakuna monosaiti hata moja iliyokuwepo siku ile ya sindano. Kumbukumbu ya miezi mitatu itakaaje kwenye seli ya siku tatu? Jibu lilitoka kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako seli zote za damu huzaliwa kutoka kwa seli mama. Mwaka 2018 kundi la Maziar Divangahi wa Montreal, Canada, lilionyesha kwamba BCG ikifika kwenye uboho wa panya hubadilisha seli mama zenyewe, nazo huzaa watoto waliokwisha kufunzwa. Chanjo ileile ikipigwa chini ya ngozi ya panya bila kufika ubohoni, haikufanya hivyo. Miaka miwili baadaye watu waliokubali kutobolewa mfupa kabla ya chanjo na siku 90 baada yake walionyesha mabadiliko ya aina hiyo kwenye uboho wa binadamu. Anayeifundisha seli mama amefundisha ukoo.

Na faida yake ni ipi kwa mtu aliye hai, nje ya chungu cha maabara? Jaribio lililo safi kuliko mengine lilitumia chanjo ya homa ya manjano, ile mnayoonyesha kadi yake ya njano uwanja wa ndege. Chanjo hiyo ni virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo unaweza kumwambukiza mtu kwa halali na kupima wanavyoongezeka kwenye damu yake. Watu waliopewa BCG mwezi mmoja kabla walikuwa na virusi wachache kwenye damu kuliko waliopewa sindano tupu, na kadiri monosaiti zao zilivyotoa protini ya IL-1β kwa wingi, ndivyo virusi walivyopungua. Huku kwetu, Entebbe, Uganda, watoto 560 waligawanywa kwa bahati: nusu walichanjwa BCG siku ya kuzaliwa, nusu wakiwa na wiki sita. Katika zile wiki sita za kwanza, waliochanjwa mapema waliletwa kwa daktari na maambukizi yasiyo ya kifua kikuu mara 98, wenzao mara 129. Nafuu ilionekana zaidi kwa waliozaliwa na uzito mdogo. Wenzao walipochanjwa, tofauti ikafutika.

Sitaki mtoke hapa mkidhani mambo ni mteremko. Wakati wa UVIKO, magazeti yalijaa matumaini kwamba nchi zenye BCG zitaokoka. Jaribio kubwa la wahudumu wa afya wa Australia, Uholanzi, Hispania, Uingereza na Brazil, lililochapishwa 2023, halikuona BCG ikiwapunguzia UVIKO. India, majaribio mawili ya watoto wenye uzito mdogo waliopewa aina ya Kirusi ya BCG hayakupunguza vifo. Ndiyo, kuna aina: bakteria wa Calmette waligawiwa maabara za dunia nzima na kila maabara ikaendelea kuwaotesha kwa namna yake, kwa hiyo BCG ya Copenhagen na ya Moscow leo ni binamu. Mimi naamini athari ni ya kweli, ila ni ya kwa nani, lini, na kwa chanjo ipi. Anayeuza jibu moja kwa wote anauza kitu kingine. Na hapa niwaseme kidogo wauzaji wa chupa za "kuongeza kinga" waliojaa kwenye simu zetu. Kinga haina kipimo cha mafuta ya gari ambacho lazima kijae. Mshtuko mkubwa wa sumu ya bakteria, kwa mfano, hufanya kinyume: huziacha monosaiti zikiwa zimezubaa, na mgonjwa aliyepona sumu ya damu hubaki wiki kadhaa akiwa rahisi kuambukizwa tena. Kumbukumbu inaweza kwenda upande wowote, na upande wa ukali una gharama yake.

Gharama hiyo ilionekana Bonn, Ujerumani, pia mwaka 2018. Panya walio rahisi kupata mafuta kwenye mishipa walilishwa kwa wiki nne mlo wa mafuta, sukari na nyuzi kidogo, ule unaoitwa mlo wa kimagharibi. Uvimbe ukapanda kwenye damu. Waliporudishwa kwenye chakula chao cha kawaida kwa wiki nne, damu ikatulia kabisa. Daktari angewapa ruhusa ya kwenda nyumbani. Lakini seli mama za uboho wao hazikuwa zimetulia. Zilipochokozwa zilijibu kwa ukali uleule kana kwamba mlo haukuwahi kubadilika. Chakula kilikuwa kimewafunza kama chanjo. Hasara ya ukali huo huja polepole, kwenye kuta za mishipa ya moyo.

Ndipo tunafika hapa hapa Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Nijmegen walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa Watanzania zaidi ya 300 wenye afya, wakaona wakaao mjini wana uvimbe mwingi kwenye damu kuliko wa vijijini, na mlo ni sehemu ya sababu. Mwaka 2025, Godfrey Temba na wenzake wakatoa katika Nature Medicine matokeo ya jaribio ambalo wengi wenu mmelisikia kwa masihara kwa sababu lina mbege ndani yake. Wanaume 77 wa mkoa huu walishiriki. Waliozoea mlo wa jadi, wa ndizi, mihogo, maharage, mboga na magimbi, waliwekwa wiki mbili kwenye mkate mweupe, soseji na chipsi. Waliozoea mlo wa mjini waliwekwa wiki mbili kwenye mlo wa jadi. Kundi jingine la mjini lilipewa mbege kila siku kwa wiki moja. Waliohamia soseji walipandisha protini za uvimbe kwenye damu, na seli zao zikawa butu zilipochokozwa na vimelea. Waliohamia mlo wa jadi au mbege walienda kinyume: uvimbe ukashuka. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya kila mtu kurudi kwenye chakula chake.

Mbege mnaijua kuliko mimi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndipo unatiwa uji wa kimea cha ulezi pamoja na uchungu wa gome la msesewa. Ndani ya kata moja kuna bakteria na chachu hai, kuna kuta za chachu zenye betaglukani, kuna kemikali za mimea, na kuna pombe. Kipi kati ya hivyo kilifanya kazi, jaribio halikutenganisha. Wala wiki nne za matokeo hazithibitishi kwamba ni alama za histoni zilizobadilika. Hilo ndilo swali ningependa kijana mmojawapo humu alichukue awe nalo kama lake: achukue monosaiti za watu hao, kabla na baada, aangalie fumareti, aangalie H3, aangalie uboho akipata wa kujitolea. Vifaa vya kazi hiyo havijai chumba, na watu wanaokula vyakula hivi viwili wanaishi kilomita chache kutoka hapa. Na kwa wazee walioanza kutabasamu: jaribio lilikuwa la wiki moja, na ini lenu halikushirikishwa kwenye matokeo.

Nimalizie na jambo la zahanati, kwa kuwa naona wauguzi wamekaa mstari wa nyuma. Kichupa cha BCG kina unga wa dozi 20. Ukishachanganywa na maji yake, unadumu saa 6, na kilichobaki kinamwagwa. Dozi ya kichanga ni mililita 0.05, ndani ya ngozi, ikiacha kipele cheupe kidogo. Zahanati inayozalisha watoto wanne kwa wiki haipendi kufungua kichupa kwa mtoto mmoja, basi mama anaambiwa arudi siku ya chanjo watoto wakiwa wengi, tuseme baada ya siku tisa. Kwa hesabu ya kifua kikuu, siku tisa za kusubiri si kitu. Kwa hesabu ya Entebbe na Guinea-Bissau, siku tisa hizo ziko katikati kabisa ya muda ambao kichanga anafaidika zaidi na chanjo, na hasa aliyezaliwa na kilo mbili. Dozi 19 zilizomwagwa zinaandikwa kwenye daftari la bohari kama hasara. Siku tisa za mtoto haziandikwi popote. Ningependa kusikia kutoka kwenu wauguzi, kabla ya maswali mengine yote, ingegharimu nini kuzigeuza hesabu hizo mbili.